Pambo la Sikukuu kwa Sindano na Hesabu

Sikukuu ya Noeli ikaribiapo, mkazi wa Nyanza-Lac hana lazima ya kungoja mapambo kutoka ng'ambo. Kitambaa chenye matundu, sindano butu na nyuzi za sufu za rangi tatu zatosha kudarizi ndimi za moto. Ufundi huu huitwa Bargello kwa sababu ya viti vya karne ya 17 vilivyohifadhiwa katika jumba la jina hilo mjini Florence, Italia, jumba lililowahi kuwa gereza.

Kila mshono husimama wima ukivuka nyuzi nne za kitambaa; unaofuata hupanda au hushuka nyuzi mbili. Hivyo hutokea vilima na mabonde. Safu ya kwanza ndiyo kiongozi: ikikosea uzi mmoja, safu zote hufuata kosa hilo. Kwa hiyo anzia katikati, uhesabu kabla ya kuvuta uzi.

Mistari hiyo si migeni kwa Warundi. Imo katika agaseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, nacho hushonwa duara juu ya duara. Aliyezoea kazi hiyo tayari anajua kuhesabu kwa mkono.

Darizi ikikamilika, ishikize juu ya karatasi ngumu, tia kitanzi, kisha itundike.