Ujira wa Kupandisha Bei: Nani Mwenye Haki ya Kuudai?

Wiki iliyopita alitujia mama mmoja, mweka hazina wa chama cha kina mama, uso umemsawijika. Chama chao kina hisa za kampuni ambayo bei yake imelala muda mrefu. Akawajia mtu na kuwaambia: nipeni ujira wa shilingi 2,000 kila mmoja, nitawapanga watu wangu wauziane hisa hizo wao kwa wao mpaka bei ipande, wageni wakiona soko limechangamka watazikimbilia, nanyi mtauza. Wakalipa. Hakuna kilichofanyika, na simu haipokewi tena. Akatuuliza: "Sheikh, tuna haki ya kudai pesa zetu?"

Kabla ya kumjibu tulimuuliza: lau bei ingepanda, mngemuuzia nani? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Watu tu, Sheikh. Tusiowajua."

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Mtume wetu (s.a.w.) alikataza najshi, nayo ni mtu kuongeza bei ya kitu asichokusudia kukinunua, ili mwingine aghurike. Zamani ilikuwa bidhaa ya mnadani, leo ni hisa. Hila ni ile ile. Sheria ya Masoko ya Mitaji ya nchi yetu nayo inaihesabu kuwa ni kosa.

Na kazi ikiwa haramu, ujira wake hauwi halali. Bibi Aisha (r.a.) amepokea, katika Sahihi ya Bukhari, kwamba baba yake, Sayyidna Abubakar (r.a.), alikula chakula alicholetewa na mtumwa wake. Alipojulishwa kuwa kimetokana na malipo ya uaguzi wa zama za ujahiliya, tena uaguzi wa uongo, alitia mkono kinywani akatapika chote. Basi mpandisha bei hana ujira wa kudai, na ambaye hajamlipa asimlipe.

Je, aliyekwisha kulipa? Mahakama za Uingereza, ambazo hukumu zake husomwa na majaji wetu ingawa haziwafungi, zimepita njia mbili. Mwaka 1892, katika kesi ya Scott dhidi ya Brown, mtu alipatana na madalali wa London wanunue hisa za kampuni mpya kwa bei ya juu, ili umma uamini kuwa zina soko. Baadaye alizitaka fedha zake, na Mahakama ya Rufaa ikamnyima, kwa kuwa dai lake lilisimama juu ya hila aliyoshiriki. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu iliamua shauri la mtu aliyempa mwenzake pauni 620,000 ili wabahatishe bei ya hisa za Royal Bank of Scotland kwa kutumia habari za siri. Habari hazikupatikana, na mpango haukutekelezwa. Majaji wote tisa walikubaliana kwamba arudishiwe fedha zake.

Maulamaa wetu walikwisha kuipambanua tofauti hii. Ibn al-Qayyim anaona kwamba aliyelipia haramu kwa hiari yake na akaipata harejeshewi, asije akakusanya manufaa na thamani yake. Mali hiyo hutolewa sadaka. Ama kazi isipofanyika kabisa, kwa maoni yetu mpokeaji amekula mali ya watu kwa batili, na ni wajibu airudishe.

Kwa hiyo tulimjibu mama yetu: daini, lakini tubuni kwanza. Msidai kwa kuwa bei haikupanda. Daini kwa kuwa mmeacha jambo lenyewe. Kisha mpelekeeni habari Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, hata kama mtaona haya kueleza sehemu yenu, maana mtu huyo huenda sasa yuko katika chama kingine. Hisa zenu ni halali yenu. Mkitaka kuuza, uzeni kwa bei ambayo soko limeifikia lenyewe.

Alituaga akisema ataitisha kikao, nasi tunamwombea Allah amfanyie wepesi. Wallahu aalam.