Msimamizi wa Karakana na Jiwe Lizungukalo

Aghalabu katika kurasa hizi twazungumza juu ya malezi ya nyumbani. Leo tumeonelea tuingie mahali ambapo akina mama hawaingii sana, nako ni karakana ya chuma. Vijana wengi wa nyumba zetu, wakimaliza shule hapa pwani, hupelekwa Nairobi kwa ami au kwa mjomba wakasomee ufundi. Mama humfungia mwanawe godoro, humtafutia nauli, humwombea dua, kisha humpigia simu kila jioni kumwuliza kama amekula. Mtu mmoja tu ndiye asiyeulizwa habari zake, naye ndiye atakayekuwa na kijana mchana kutwa: msimamizi.

Atokaye Msikiti wa Jamia kwa miguu akielekea Mto Nairobi hachukui muda kufika Barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wa mji hadi leo huiita Grogan. Huko ni gereji na maduka ya vipuri. Mbele kidogo ni Kamukunji, mahali palipozuriwa na Rais Moi mwaka 1985, na baada yake mafundi wakajengewa mabanda. Upande wa magharibi, ukiifuata Barabara ya Ngong hadi Dagoretti Corner, kisha Kawangware na Kangemi, utaona mageti, vitanda vya chuma na grili za madirisha zikitengenezwa kando ya njia. Kote huko sauti ni moja: mlio mkali wa grinda, ile mashine ya mkono ya kukatia na kusugulia chuma.

Mashine hii ni ndogo kwa umbo, ndiyo maana hudharauliwa. Grinda ndogo ya kawaida huzungusha diski yake karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski nyingi huandikwa kuwa mwendo wa ukingo wake usizidi meta 80 kwa sekunde, yaani kilomita 288 kwa saa. Treni yetu ya abiria baina ya Mombasa na Nairobi hukimbia kilomita 120 kwa saa. Basi kipande cha diski kikikatika hurushwa kwa kasi ipitayo mara mbili ya ile ya treni, na anayesimama mbele yake hana nafasi ya kukwepa.

Hapo ndipo kazi ya msimamizi huanza, nayo huanza kabla ya mashine kuwashwa. Tuchukue kosa moja lililo mashuhuri. Diski kubwa, ya milimita 230, hufanyiwa mashine kubwa yenye mizunguko isiyozidi 6,600 hivi. Tundu lake la katikati hulingana na la diski ndogo. Kwa hiyo fundi mwenye haraka huweza kuondoa kikinga cha grinda ndogo, maana diski kubwa haienei ndani yake, akaifunga humo na kuendelea na kazi. Sasa diski iliyokadiriwa meta 80 inakwenda meta 130 na zaidi, na kile kikinga ambacho kingezuia vipande kimetupwa pembeni. Kijana mwanagenzi hawezi kuujua mkasa huu kwa kutazama. Mashine huwaka na chuma hukatika vizuri kabisa. Anayepaswa kuujua ni mkubwa wake, na akiujua asinyamaze.

Kuna na mengine. Diski ya kukatia ni nyembamba, haikuumbwa kusugua kwa ubavu. Diski hizi zilizogandishwa kwa gundi huzeeka, na tarehe ya mwisho huchapwa kwenye pete ya chuma ya katikati. Jiwe la grinda ya mezani, kabla ya kufungwa, huning'inizwa na kugongwa taratibu kwa mpini wa mti: likitoa sauti ya kengele ni zima, likitoa sauti ya chungu kilichopasuka basi lina ufa. Likishafungwa huachwa lizunguke bure kwa dakika moja, na watu wote wasimame kando. Pengo baina ya jiwe na kipumzishio cha kazi lisizidi milimita 3, kwani kitu kikizama hapo huvuta na vidole.

Twaongeza neno kwa wale wa kwetu hasa. Siku ya Ijumaa kijana hurudi msikitini na kanzu yake, akaambiwa amalizie kipande kimoja tu. Kanzu, mikono mipana, shemegi la shingoni, vyote hivi ni chakula cha mashine. Msimamizi mwenye akili humwambia abadilishe nguo kwanza, hata mteja akingoja. Na mwezi wa Ramadhani kazi za grinda zipangwe asubuhi, wakati mwili ungali na nguvu. Alasiri ni ya kupaka rangi na kupima.

Sheria ya Kenya haikumsahau mtu huyu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka anayetumia mashine ya hatari awe amefundishwa vya kutosha au awe chini ya uangalizi wa mtu aijuaye. Yamtaka mfanyakazi anayeona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake wa karibu, na haijuzu kumlazimisha arudi hapo kabla hatari haijaondolewa. Vifaa vya kinga hutolewa na mwenye kazi. Si halali kumkata kibarua pesa za miwani. Huko Uingereza, kanuni za mwaka 1970 zilitaka kila anayefunga jiwe kwenye mashine awe mtu aliyefundishwa na kuteuliwa kwa maandishi. Walifika hapo baada ya misiba. Katika mji wa Sheffield, karne ya 19, wanoa visu walikufa vijana kwa vumbi la mawe, na wengine kwa mawe yaliyopasuka. Vumbi hilohilo leo huwapata wakatao vigae na mawe bila maji wala barakoa.

Mabibi nao wana sehemu yao. Fundi akija nyumbani kuweka grili, baba akiwa kazini, mwenye nyumba ndiye msimamizi wa siku hiyo. Amwulize kikinga kiko wapi na miwani iko wapi, awaondoe watoto, na cheche zisielekee mapazia wala mtungi wa gesi. Si utovu wa adabu kumwambia fundi asimame.

Na mama anayempeleka kijana kwa msimamizi asione haya kumwuliza: nani atamfundisha kufunga diski, na kabla ya siku ya ngapi hatoishika peke yake? Ajibuye kwa kucheka, kijana asiachwe kwake.

Chembe ya chuma ikiingia jichoni, jicho lisisuguliwe, wala rafiki asiitoe kwa njiti ya kiberiti au ncha ya wembe, mtindo uliozoeleka sana katika mabanda. Lifunikwe bila kukandamizwa, na mgonjwa apelekwe kwa wataalamu wa macho siku hiyohiyo. Upande wa magharibi kuna Hospitali ya Macho ya Lions kule Loresho na kitengo cha macho cha Hospitali ya Kikuyu. Chuma kilichobaki ndani hutoa kutu na kuharibu jicho polepole, hata maumivu yakiwa yametulia.

Kisha ajali iandikwe. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya mwaka 2007 pia, humhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi, hata kama alipewa nauli na chakula tu na kuambiwa kuwa bado anajifunza. Dai hupelekwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Karatasi ya hospitali ihifadhiwe nyumbani, kwa mama, si karakana.