Barafu ya Kilimanjaro bado ipo. Je, wataalamu walikosea?

Kwenye msiba mmoja huko Moshi, mjomba alinichokoza mbele ya watu. "Mpwa wangu msomi, si mlituambia barafu ya mlima itaisha 2020? Mbona asubuhi hii nimeiona?" Watu wakacheka. Mimi nikababaika, maana swali lilikuwa la haki kabisa.

Tuanze na huo utabiri wenyewe. Mwaka 2000, Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alipanda Kilimanjaro na timu yake wakatoboa barafu na kutoa sampuli. Wakalinganisha pia ramani na picha za zamani na za wakati ule, wakaona kwamba tangu 1912 takriban asilimia 80 ya eneo la barafu ilikuwa imepotea. Matokeo yakachapishwa 2002: kasi ikiendelea hivyo, barafu itaisha kati ya 2015 na 2020.

Miaka hiyo imepita na mabaki bado yapo. Kwa hiyo tarehe ilikosewa. Tukubali tu, haituumizi. Lakini barafu imeendelea kupungua, na hilo halina ubishi.

Ubishi ulikuwa wapi basi?

Ulikuwa kwenye sababu. Mwaka 2007 Philip Mote na Georg Kaser waliandika kwamba Kilimanjaro si mfano mzuri wa kuonyesha athari za joto la dunia. Hoja yao ni hii: kule juu, karibu na mita 5,895, hewa huwa chini ya nyuzi sifuri karibu wakati wote. Barafu nyingi inapotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kwanza kuwa maji. Umewahi kusahau vipande vya barafu kwenye friza miezi kadhaa ukakuta vimesinyaa? Ndiyo hiyo. Halafu tangu mwishoni mwa karne ya 19 hali ya hewa ya eneo hili ilikuwa kavu zaidi, theluji mpya ikapungua. Theluji mpya ni nyeupe, inarudisha mwanga wa jua. Ikikosekana, jua linaitafuna barafu.

Thompson naye hakunyamaza. Mwaka 2009 timu yake ilionyesha dalili za kuyeyuka kwenye tabaka la juu la barafu, dalili ambazo hawakuziona kwenye tabaka za chini zenye umri wa maelfu ya miaka.

Wapinzani wa sayansi ya tabianchi walifurahi: "Mnaona? Wenyewe hawaelewani!" Ngoja kwanza. Mote na Kaser walisema wazi kwamba dunia inapata joto na kwamba barafu za milima mingine mingi zinapungua kwa sababu hiyo. Wao walibishania mlima mmoja. Anayechukua ubishi huo akaufanya ushahidi dhidi ya joto la dunia anawasemea wasichokisema.

Na maji je?

Hapa ndipo panaponiuma, maana wengi wetu tumekua tukiamini kwamba barafu ikiisha, mito itakauka. Mtu aliyelifanyia kazi swali hili kwa miaka mingi ni mtaalamu wa mimea, Andreas Hemp kutoka Ujerumani. Mwaka 2005 alionyesha kwamba maji yanayotoka kwenye barafu ni kidogo sana ukilinganisha na ya msitu, unaopokea mvua na kunasa ukungu. Moto, unaochochewa na hali kavu na joto, umeteketeza sehemu ya juu ya msitu huo. Kwa maji ya watu wa chini, hasara hiyo ni kubwa kuliko ya barafu.

Ona sasa: kwenye swali la maji, wa kumsikiliza kwanza ni mtu wa miti. Tukiwafuata wa barafu peke yao tutaomboleza kilele huku msitu unaungua.

Kwa hiyo, ukiambiwa fulani ni mtaalamu, uliza: mtaalamu wa swali lipi? Amelipima mwenyewe? Wenzake wanaolijua wanaweza kumkosoa, na je, akikosolewa anajibu kwa ushahidi? Udaktari na uprofesa pekee havitoshi. Hata mimi na shahada yangu ya uzamili, nje ya ninachosomea ni msomaji tu kama wewe.

Na mjomba? Amesimamia zamu za maji kwenye mfongo tangu ujana wake. Anajua mwaka gani maji yalipungua na mwezi gani yanachelewa. Huo ni ujuzi, na mtafiti makini angemfuata na daftari. Kwa nini yamepungua, hapo itabidi vipimo vya mvua, msitu na mto vizungumze pamoja na yeye.

Safari ijayo nitamjibu hivi: "Shikamoo mjomba. Tarehe walikosea. Ila niambie, ule msitu wa juu ya mfongo ukoje siku hizi?"