Uvuvi wa mtumbwi Ziwa Tanganyika: Anayeanza aanzie wapi?

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

KALINZI ni eneo la milimani mkoani Kigoma, na sifa yake kubwa ni kahawa wala si samaki. Hata hivyo, upande wa magharibi milima hiyo inateremka hadi Ziwa Tanganyika, kwenye vijiji kama Mtanga na Mwamgongo, ambako kafi ni zana ya kila siku kama jembe lilivyo kwa wakulima wa huko juu.

Kwa kijana aliyekulia shambani, au mtumishi aliyehamia Kigoma mjini kutoka mikoa isiyo na ziwa, uvuvi wa mtumbwi mdogo huonekana njia nyepesi ya kujipatia kitoweo na fedha kidogo. Mtaji wake ni mdogo ukilinganisha na vyombo vya dagaa vinavyohitaji injini, nyavu, taa na kundi la wavuvi.

Wepesi huo ndio wenye hatari. Mtumbwi unaweza kununuliwa kwa siku moja, lakini ujuzi wa kuutumia hauuzwi gulioni. Ndiyo maana anayeanza anapaswa kujifunza chombo na upepo kwanza, na samaki baadaye.

Ziwa lenyewe

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 673 na upana wa wastani wa kilomita 50. Kina chake hufikia mita 1,470, na duniani linazidiwa kina na ziwa moja tu, Baikal la Urusi. Maji yake yanamilikiwa na nchi nne: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia.

Kwa mvuvi mpya takwimu hizo zina maana ya vitendo. Katika sehemu nyingi za mwambao wa Kigoma milima haiishii ufukoni, bali huendelea kuteremka chini ya maji. Ukitoka kidogo tu nchi kavu, kamba ya nanga haigusi chini. Anayetegemea kutia nanga upepo ukizidi atakuta hana pa kuishikiza.

Jambo la pili ni la kutia moyo. Maji ya chini kabisa ya ziwa hili hayana oksijeni. Upande wa kaskazini, oksijeni huisha kwenye kina cha takriban mita 100, hivyo samaki wote huishi katika tabaka la juu. Wengi wa wale wa miambani hukaa karibu na ufuko. Anayevua kwa ndoano hana sababu ya kwenda mbali.

Upepo unaodanganya

Usiku na alfajiri, nchi kavu inapokuwa imepoa kuliko maji, upepo hushuka kutoka milimani kuelekea ziwani. Huu ndio umande. Mchana hali hugeuka, upepo ukavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu.

Mgeni anayetoka alfajiri husukumwa na umande kwa upole. Mtumbwi unakwenda wenyewe, maji ya karibu na ufuko yametulia kwa kuwa yamekingwa na milima, naye hudhani amekwisha kuwa hodari wa kupiga kafi. Akigeuka ndipo hugundua kwamba kila hatua aliyoipata bure atailipa kwa nguvu za mikono yake, huku mawimbi ya nje ya kivuli cha milima yakiwa makubwa zaidi.

Dawa yake ni rahisi. Kila baada ya dakika chache, geuza mtumbwi na upige kafi kurudi ulikotoka. Ikiwa kurudi ni kuzito kuliko kwenda, umekwisha kufika mbali vya kutosha. Vua hapo hapo au sogea karibu zaidi.

Kuanzia Mei hadi Septemba, msimu wa kiangazi, upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na kuchafua ziwa kwa siku kadhaa mfululizo. Wakati wa mvua, hatari kubwa ni dhoruba za ghafla na radi. Wingu jeusi likianza kujijenga, kamba zikunjwe na chombo kirudi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri unaohusu pia maziwa makuu, na kuusikiliza kabla ya kulala ni sehemu ya kazi.

Tahadhari hii si ngeni. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, walisafiri ziwani kwa mitumbwi ya magogo iliyoendeshwa na wenyeji. Wapiga kafi hao walishika njia ya kandokando ya ufuko na kusubiri maji yatulie ndipo wakavuka. Ziwa halijabadilika tabia tangu wakati huo.

Chombo na mazoezi

Mtumbwi wa gogo ni mwembamba na huyumba. Tofauti yake na kayaki za plastiki zinazotumiwa kwa michezo na uvuvi wa burudani katika nchi nyingine ni kwamba nyingi za kayaki hizo hufungwa pande zote, na maji yanayoingia juu hutoka yenyewe kupitia matundu. Mtumbwi wetu hujaa. Mbao huusaidia kuendelea kuelea, lakini ukijaa maji hauendesheki mpaka yafuliwe.

Kwa hiyo somo la kwanza lifanyike kwenye maji ya kiunoni, mchana, pasipo ndoano wala samaki. Kaa chini, magoti yakigusa kingo, na ujifunze kupiga kafi upande mmoja bila chombo kuzunguka. Kisha upindue mtumbwi kwa makusudi. Jifunze kuugeuza, kufua maji na kupanda tena kupitia tezi, kwa kuwa ukipanda ubavuni utaupindua upya.

Rudia mpaka uweze kufanya hivyo ukiwa umechoka. Asiyeweza kurudi ndani ya chombo chake kwenye maji ya kiunoni hataweza kufanya hivyo kwenye maji yasiyo na mwisho.

Na ikitokea umepinduka mbali na ufuko, usiuache mtumbwi ukajaribu kuogelea hadi nchi kavu. Chombo huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu, nacho huelea hata pale mtu anapoishiwa nguvu.

Jaketi la kuokolea maisha livaliwe, lisiwekwe chini ya miguu. Ukiwa tayari majini, kulivaa ni kazi ngumu. Vifaa vingine ni kafi ya akiba, kopo la kufulia maji, filimbi, tochi, kisu, maji ya kunywa na simu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kila kimoja kifungwe kwa kamba kwenye chombo.

Safari za mwanzo ziwe za watu wawili au mitumbwi miwili. Mtu wa nchi kavu aambiwe mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi, na ajue nani wa kumwita msipoonekana.

Samaki na ndoano

Mvuvi mpya asishindane na wavuvi wa dagaa. Hao huvua usiku wa giza kwa taa zinazowavuta samaki, na hupumzika siku za mbalamwezi. Mtumbwi mdogo usio na taa, ukiwa katikati ya vyombo vyenye injini, unaweza kugongwa bila kuonekana.

Kinachomfaa ni mshipi wa mkono, ndoano ndogo, chubwi na chambo cha dagaa, akivua asubuhi karibu na miamba. Migebuka huwafuata dagaa kwa kuwa ndio chakula chao. Sangala ni mkubwa na ana nguvu, hivyo mshipi usizungushwe mkononi wala kiunoni, na mvuvi asisimame anapomvuta. Kuhe hutaga karibu na ufuko na wazazi hulinda watoto wao. Ukiwavua wazazi, kundi zima la vifaranga hubaki bila ulinzi.

Midomo ya mito kama Malagarasi na Luiche ina viboko na mamba, haifai kwa mazoezi. Maji yaliyotulia yenye majani yanaweza kuwa na konokono wanaoeneza kichocho. Pia, maji ya ziwa yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 2020 yalizamisha baadhi ya maeneo ya ufukoni, hivyo ni vyema kumuuliza mwenyeji kama kuna visiki au kuta zilizofichika.

Sheria na mipaka

Uvuvi nchini unaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, zinazotaka leseni na kupiga marufuku kokoro na baruti. Mahali pa kuanzia ni kwa ofisa uvuvi wa halmashauri na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, cha mwalo unaokusudia kuutumia.

Mipaka ya hifadhi nayo iheshimiwe. Gombe iko kati ya Mtanga na Mwamgongo, na eneo la Hifadhi ya Milima ya Mahale huingia ziwani kwa kilomita 1.6. Anayevua bila kujua mipaka anaweza kupoteza chombo na mtaji wake wote.

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Anayeanza aulize utaratibu wa mwaka husika kabla ya kukopa fedha za chombo, kwani mkopo hausimami pale uvuvi unaposimama.

Hatua hiyo ina sababu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa kuongezeka kwa joto kunapunguza mchanganyiko wa maji ya juu na ya chini, na hivyo kupunguza virutubisho vinavyolisha mimea midogo ambayo ndiyo msingi wa chakula cha samaki. Wavuvi nao wameongezeka.

Kwa mkulima wa Kalinzi, hesabu hiyo inamtaka auone mtumbwi kama nyongeza na asiuache mbuni wake. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Anayetaka kuifanya kazi hii kwa upana zaidi anaweza kuulizia mafunzo katika Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA), ambao una kampasi yake mkoani Kigoma, kabla ya kuanza kutafuta chombo cha kununua.