Je, Wajua? Memori “Tupu” ya Kompyuta Haikai Bure

Je, wajua kuwa kompyuta ya Linux yenye memori ya GB 8 inaweza kubakiwa na MB 200 tu na isilemewe? Andika amri ya free uone: safu ya “free” ina kiduchu, ya “available” ina gigabaiti kadhaa. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kache, yaani nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika husubiri wastani wa milisekunde 4 mpaka data ifike chini ya kichwa cha kusomea. Memori hujibu kwa takriban nanosekunde 100: kasi ya mara 40,000 hivi! Utasema programu mpya itakosa nafasi. Haikosi. Nakala ambayo haijabadilishwa ipo pia kwenye diski, kwa hiyo hutupwa papo hapo. Ndiyo maana zile programu za “kusafisha memori” mara nyingi hurudisha kompyuta nyuma: hufuta kache, na mafaili husomwa upya kutoka kwenye diski.

Hoja nzito zaidi dhidi ya kache ni umeme. Data mpya huweza kukaa memorini sekunde 30 au zaidi kabla ya kuandikwa kwenye diski; umeme ukikatika, imepotea. Tazama flashi: kompyuta inasema imemaliza kunakili, taa ya flashi bado inamemeteka. Ukiichomoa hapo, faili laweza kuharibika. Hifadhidata makini haikubali mchezo huo. Huamuru data iandikwe kwanza, ndipo ithibitishe muamala.