Presha na chumvi ya chunguni

Sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa nchini Kenya hutoka hapa Kilifi, katika viwanda vya Gongoni na Marereni kule Magarini. Hakuna ubaya katika hilo. Shida iko jikoni, ambako mkono wa mpishi huzoea kipimo fulani na hakuna anayekihesabu mpaka mtu wa nyumba hiyo apimwe presha na kuambiwa iko juu.

Wengi hawajapimwa kamwe. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa. Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi. Mtu hulima, huvua na kufanya biashara zake kama kawaida, huku mishipa ya ubongo, moyo, figo na macho ikiharibika polepole. Presha ya kawaida ni chini ya 120 kwa 80. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo katika vipimo vya siku tofauti, mtu huhesabiwa kuwa na presha ya juu.

Chumvi inaingiaje hapo? Ndani yake mna madini ya sodiamu, ambayo hushika maji mwilini. Chumvi ikizidi, maji katika damu huongezeka na msukumo kwenye kuta za mishipa hupanda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyomo tayari ndani ya mkate, soseji, chipsi na vyakula vya pakiti.

Hesabu rahisi ni hii. Nyumba ya watu wazima 6 haipaswi kuzidisha gramu 30 kwa siku. Kwa hivyo pakiti ya nusu kilo ingepaswa kudumu siku 16 au zaidi. Ikiisha kwa siku 10, kila mmoja anakula gramu 8 na ushei kutoka chunguni peke yake. Inafaa kuandika tarehe juu ya pakiti siku inapofunguliwa.

Samaki wa chumvi, yaani ng'onda na papa mkavu, ni kitoweo kinachopendwa Pwani na ni vigumu kumwambia mtu asikiguse tena. Lakini kwa mwenye presha kiwe cha nadra. Kinapopikwa, kilowekwe, maji yamwagwe na kubadilishwa mara kadhaa, na mchuzi usitiwe chumvi nyingine. Kulowa hupunguza chumvi, hakuiondoi yote. Achari na viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi navyo vimejaa chumvi. Magadi yanayolainisha maharagwe na mboga za kienyeji pia yana sodiamu, ingawa hayana ladha ya chumvi. Kuloweka maharagwe usiku kucha hufanya kazi hiyo hiyo.

Ladha haipotei. Ndimu, ukwaju, embe mbichi, tangawizi, kitunguu saumu, bizari na pilipili vipo katika kila soko la kaunti hii. Chumvi ikipunguzwa kidogo kidogo, ulimi huzoea baada ya wiki chache. Kumpikia mgonjwa chungu chake peke yake huonekana ni upendo, lakini mara nyingi hakudumu: atachoka, atadokoa cha wenzake. Ni afadhali chungu cha wote kipunguzwe chumvi, na kibakuli cha chumvi kiondolewe mezani.

Kupunguza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuongeza. Mwaka 1997 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya majaribio kwa watu 459 waliolishwa kwa wiki 8. Waliopewa matunda na mboga kwa wingi, pamoja na maziwa yasiyo na mafuta mengi, walishuka presha bila hata kupunguziwa chumvi. Kwa waliokuwa na presha ya juu, namba ya juu ilishuka kwa takriban 11. Hapa kwetu chakula cha namna hiyo hakihitaji duka kubwa. Ni mchicha, mnavu, kisamvu, mbaazi, kunde, viazi vitamu, ndizi, mapapai na machungwa. Mbaazi ni chakula kizuri sana. Kinachohitaji kupunguzwa ni kasimile, kwa kuwa mafuta ya nazi hupandisha kolesteroli. Tui jepesi linatosha. Samaki achemshwe au achomwe badala ya kukaangwa.

Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza kabla ya kuzidisha ndizi, madafu au mboga za majani, au kununua chumvi mbadala, kwa sababu madini ya potasiamu yaliyomo yanaweza kumdhuru. Vivyo hivyo kwa anayetumia baadhi ya dawa za presha.

Mnazi na pombe nyingine hupandisha presha, na muguka na miraa pia. Unene nao huchangia.

Chakula hakichukui nafasi ya dawa. Kosa linaloleta wagonjwa wengi wa kiharusi hospitalini ni kuacha vidonge kwa kuwa mtu anajisikia vizuri. Kama presha imeshuka, huenda ni vidonge hivyo vinavyoishusha, na ni daktari anayepaswa kuvipunguza. Wahudumu wa afya ya jamii walianza kupewa vifaa vya kupimia presha mwaka 2023. Muulize wa kijiji chako akupime, na uandike namba kwenye daftari ili uende nalo kliniki. Anayepatwa ghafla na maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asisubiri kulale kuche.