Kompyuta Imetiwa Mfumo Mpya: Mafaili Yamekwenda Wapi?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo huambiwa wafanyabiashara, lakini siku hizi unawafaa pia wenye kompyuta. Ndani ya kila kompyuta kuna daftari dogo lisiloonekana kwa macho, na daftari hilo likiharibika, mwenye mali huweza kudhani kuwa amefilisika ilhali mali yake yote ingali palepale alipoiacha.

Katika jiji la Kampala, msiba wa namna hii hutokea aghalabu baada ya kompyuta kutiwa mfumo endeshi mpya. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoziongoza programu nyingine zote, kama vile Windows au Linux. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, ulipokwisha muda wa kawaida wa kuhudumiwa kwa Windows 10, wenye mfumo huo wamekuwa na sababu ya kubadili. Wengine huhamia Windows 11. Wengine, ambao kompyuta zao ni kuukuu na hazina chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11, huchagua Linux ya aina ya Ubuntu. Kazi hiyo hufanywa na mafundi wa Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere, au wa maduka ya Barabara ya Kampala, na wengi wao huifanya vizuri. Hata hivyo kosa moja dogo katika kuigawa diski laweza kumliza mwenye kompyuta.

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi aliye na kompyuta yenye sehemu mbili. Sehemu ya C ina mfumo endeshi. Sehemu ya D ina alama za wanafunzi wake wanaojitayarisha kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, mahesabu ya chama cha kuweka na kukopa cha walimu wenzake, na picha za mzazi wake aliyekwisha kufariki. Mashine imekuwa nzito, naye anaipeleka kwa fundi. Jioni anarudishiwa ikiwa nyepesi na safi. Anapotafuta D, haipo. Mwalimu huyo afanye nini usiku huo, na asifanye nini? Jibu lataka kwanza ifahamike diski ni kitu gani.

DISKI NI KAMA KIWANJA

Diski yaweza kulinganishwa na kiwanja kikubwa kilichokatwa vipande. Kila kipande mafundi hukiita patisheni. Kipande kimoja huwekwa mfumo endeshi, kingine mafaili ya mwenyewe, na vingine vidogo hutengwa kwa kazi maalumu, kama vile kuiwasha kompyuta au kuiokoa inapoharibika. Mipaka ya vipande hivyo haikuchongwa juu ya diski yenyewe. Imeandikwa tu katika jedwali lililo mwanzoni mwa diski, kama vile mipaka ya viwanja inavyoandikwa katika daftari la ofisi ya ardhi.

Jedwali la zamani, liitwalo MBR, lilianza kutumika mwaka 1983 katika kompyuta za IBM. Hukaa katika sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, na orodha ya mipaka huchukua baiti 64 peke yake. Orodha hiyo ina nafasi nne tu, kila moja ya baiti 16, nayo kwa kawaida haiwezi kuhesabu diski inayozidi terabaiti 2.2 hivi. Jedwali jipya, liitwalo GPT, kwa kawaida lina nafasi 128, na nakala yake ya pili huwekwa mwishoni mwa diski, ili ya mwanzoni ikiharibika ya mwishoni ipate kutumika.

Hapa ndipo lilipo tumaini la mwalimu wetu. Ukurasa wa daftari la ardhi ukichanika, nyumba hazibomoki. Vivyo hivyo, jedwali la diski likifutwa, picha na mahesabu hayafutiki papo hapo. Hubaki mahali pake mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

JAMBO LA KWANZA: USIANDIKE KITU

Kwa sababu hiyo, mtu anayegundua kuwa mafaili yake hayaonekani hapana budi aache mara moja kuitumia kompyuta hiyo. Asipakue programu, asinakili picha mpya, wala asiiache mashine ijisasishe usiku kucha kwa intaneti. Aizime. Kila dakika mfumo unapofanya kazi huandika vitu diskini, na huenda ukaandika juu ya picha ile ile inayotafutwa.

Kadhalika, skrini ikitokeza ujumbe unaosema kuwa diski haina budi kufomatiwa kabla ya kutumiwa, asikubali. Ujumbe huo si amri. Ni swali tu la mfumo usioelewa unachokiona. Kukubali ni kumruhusu mgeni apake chokaa juu ya maandishi ambayo hakuyasoma.

JE, IMEPOTEA AU IMEKOSA JINA?

Baada ya hapo yafaa kuchunguza ni tatizo la aina gani, kwani si kila kisichoonekana kimepotea. Windows ina programu iitwayo Disk Management, inayoonyesha diski nzima na vipande vyake vyote kwa michoro. Hiyo ndiyo ramani ya kiwanja, nayo yapasa kutazamwa bila kubadilisha chochote.

Ikiwa kipande cha pili kinaonekana, chenye ukubwa wake wa zamani na aina yake ya NTFS, lakini hakina herufi, basi hakuna kilichopotea. Mfumo mpya umesahau tu kukipa herufi ya D. Kinabofywa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kinapewa herufi, na mafaili yote yanaonekana tena. Watu wamelipia uokoaji wa data kwa kasoro iliyotaka dakika mbili.

Ikiwa mahali pa kipande hicho pameandikwa kuwa ni nafasi isiyogawiwa, mpaka wake umefutwa katika jedwali. Na ikiwa diski yote imekuwa kipande kimoja kikubwa cha C, basi aliyeweka mfumo alifuta vipande vyote na kuanza upya. Katika hali hizo mbili, kompyuta ikabidhiwe kwa fundi mwenye ujuzi wa kuokoa data.

Fundi huyo huifungua diski na kuifunga katika kompyuta nyingine, na kabla ya yote huchukua nakala kamili ya diski nzima, sekta kwa sekta, kisha hufanya kazi juu ya nakala hiyo. Ipo programu ya bure iitwayo TestDisk, inayopita diskini ikitafuta alama za mipaka ya zamani na kuweza kuirudisha katika jedwali. Mwenzake, PhotoRec, huokota mafaili moja moja hata kama mipaka haikupatikana, ijapokuwa aghalabu huyarudisha bila majina yake.

Matumaini hayalingani kwa diski zote. Katika diski ya sahani zinazozunguka, mfumo mpya ukiandikwa mwanzoni mwa diski, kipande cha D kilichokuwa nusu ya pili huenda hakikuguswa kabisa. Katika diski ya kisasa ya SSD mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa mfumo huijulisha diski kwamba nafasi fulani haitumiki tena, nayo diski hujisafisha yenyewe. Picha zilizofutwa huko zaweza kutoweka kwa muda mfupi. Aidha, ikiwa kipande kilifungwa kwa kufuli la BitLocker, hakuna fundi awezaye kukisoma pasipo ufunguo wa tarakimu 48 uliotolewa kilipofungwa.

MALALAMIKO MENGINE YA KAWAIDA

Wako wanaolalamika kwamba diski yao imepunguzwa. Mtu amenunua diski ya gigabaiti 500, na Windows inamwonyesha 465. Hapo hakuna wizi. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, na Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Kwa hesabu hiyo hiyo, diski ya terabaiti moja huonekana kuwa na gigabaiti 931.

Lakini ikiwa diski ya gigabaiti 500 inaonyesha 232 tu, tatizo ni jingine. Huenda fundi alinakili diski ya zamani ya gigabaiti 250 kama ilivyo, akaacha nusu ya diski mpya bila kuigawa. Nafasi hiyo yaweza kuunganishwa na C, ila Disk Management huweza kukirefusha kipande endapo tu nafasi tupu iko ubavuni mwake, upande wa kulia. Mara nyingi katikati husimama kipande kidogo cha uokoaji. Wapo wanaokifuta kwa pupa, wakaja kujuta siku Windows inapokataa kuwaka na njia ya kuitengeneza haipo. Njia ya salama ni kuwasha kompyuta kwa flashi yenye programu ya bure ya GParted, kukisogeza kipande hicho mwishoni mwa diski, kisha kuirefusha C, na mwisho kuhakikisha kuwa njia ya uokoaji ingali inafanya kazi. Kazi hii huchukua muda, na umeme ukikatika katikati, data huweza kuharibika. Ifanywe kwenye kompyuta yenye betri nzima au chanzo cha umeme wa akiba, na baada ya kuchukua nakala.

Wengine hukataliwa tangu mwanzo. Windows huwaambia kuwa haiwezi kuwekwa katika diski hiyo kwa sababu jedwali lake ni MBR, na mashine yataka GPT. Wengi hufuta diski nzima ili wapite, kumbe Windows 10, tangu toleo lake la 1703, ina chombo kiitwacho MBR2GPT, kinachobadilisha jedwali la diski yenye Windows pasipo kufuta mafaili, mradi vipande vikuu visizidi vitatu. Baada ya hapo mashine huagizwa kuwaka kwa utaratibu wa UEFI.

Wapo pia waliokaribisha Linux ikae nyumba moja na Windows. Hao hukuta kompyuta inawaka moja kwa moja katika Windows kana kwamba Linux haimo. Aghalabu Linux imo. Mpangilio wa kuwasha ndio uliobadilika, nao hurekebishwa katika mipangilio ya UEFI. Wengine huona kuwa Linux inasoma kipande cha Windows lakini haikubali kuandika humo. Sababu yake ni kwamba Windows haikuzimwa kabisa; ilisinzia tu, kwa ile njia yake ya kuwaka upesi. Njia hiyo ifungwe, kompyuta izimwe sawasawa, na mlango utafunguka. Kwa vyovyote vile, kile kipande kidogo cha kuwashia, cha aina ya FAT32, kisifomatiwe, maana mifumo yote miwili hupitia humo.

KABLA YA KUMKABIDHI FUNDI

Kinga ni bora kuliko tiba. Kabla ya kuiacha kompyuta juu ya meza ya fundi, mwenyewe anakili mafaili yake katika diski ya nje, kisha ayafungue machache kuhakikisha kuwa yamenakiliwa kweli. Ikiwa diski ina kufuli, aandike ufunguo wake katika karatasi. Amwonyeshe fundi vipande vilivyopo na kumwambia kwa maneno ya wazi: hiki kifutwe, hiki kisiguswe. Na ikiwezekana apige picha ya ramani ya diski kwa simu yake, ili baadaye pasiwe na ubishi juu ya kilichokuwapo.

Fundi naye anao wajibu. Anayeuliza kabla ya kufuta hapunguziwi heshima, huongezewa wateja. Na asiyejua ni vipande gani vimebeba nini, heri angoje mwenye mali arudi kuliko kubahatisha.

Wakaazi wa Kampala wanayo kumbukumbu iliyo karibu. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, moto uliteketeza sehemu kubwa ya Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, chuo kilichoanzishwa mwaka 1922. Swali la kwanza la watu wengi lilikuwa juu ya kumbukumbu zilizokuwa humo. Jengo laweza kujengwa tena, na hilo limejengwa. Kumbukumbu iliyokuwa mahali pamoja tu haina jiwe wala saruji ya kuijenga upya.

Ndivyo ilivyo pia kwa mwalimu wetu. Windows hupatikana tena, na kompyuta hununuliwa nyingine. Alama za wanafunzi zinaweza kukusanywa upya kwa taabu, na mahesabu ya chama yakapatanishwa kwa mabishano marefu. Picha za mzazi aliyefariki haziwezi kupigwa mara ya pili. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila nyumba yenye kompyuta, nakala moja ya ziada katika diski ya nje, ikiwekwa kwa ndugu au jirani mwaminifu, ni kazi ya jioni moja yenye kuondoa majuto ya miaka.